Nafasi ya Baba katika Maneno ya Makuzi ya Mtoto

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kusoma uhakiki wa tenzi, wa riwaya na wa kamusi. Makala haya yahakiki maandishi ya namna nyingine, ambayo hayana mtunzi anayetajwa wala hayauzwi dukani: maneno ya mabango yaliyobandikwa kwenye kuta za zahanati, ya kadi za kupimia watoto, ya vijitabu vya lishe, na ya matangazo ya redio kuhusu mtoto asiyekua vizuri. Maandishi hayo yasomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote ya mashairi, na wasiojua kusoma husomewa. Diwani ikikosa, humkera msomaji. Maandishi haya yakikosa, yaweza kumwacha mtoto bila mtu wa kumwangalia. Kwa sababu hiyo yastahili kuhakikiwa kwa makini yale yale tunayoyatumia kwa watunzi wakubwa.

Dai letu ni moja, nalo laweza kusemwa kwa ufupi. Kiswahili cha zamani kilimweka baba ndani ya jambo la kukua kwa mtoto, ijapokuwa kilimweka humo kama mkosaji. Kiswahili cha leo cha lishe kimemwondolea kosa hilo, na pamoja na kosa kimemwondolea kazi. Tutaanza kwa kueleza jambo lenyewe, kisha tutatazama maneno ya zamani, halafu ya sasa, na mwisho tutasema yapi yafaa kutengenezwa.

Mtoto husemwa kuwa amedumaa pale urefu wake unapopungua sana kuliko ule unaotazamiwa kwa umri wake. Vipimo vinavyotumiwa leo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupimwa watoto wa nchi 6, nazo ni Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Kwa vipimo hivyo, mtoto wa kiume aliyetimiza miaka 2 hutazamiwa awe na urefu wa kadiri ya sentimita 87. Akiwa chini ya sentimita 81 huhesabiwa kuwa amedumaa. Tofauti hiyo haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima, na katika kijiji ambamo watoto wengi ni wafupi jicho haliioni. Katika Tanzania uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta watoto 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Ule wa 2015 hadi 2016 ulikuta 34. Na ule wa 2022 ulikuta 30. Katika Kenya hesabu ilikuwa 26 mwaka 2014 na 18 mwaka 2022. Hesabu zapungua, lakini hata hesabu ya Tanzania peke yake, mtoto mmoja katika kila watatu au wanne, si jambo la kupuuzwa. Wala hasara yenyewe haiko katika ufupi wa kimo. Mtoto aliyedumaa huugua mara kwa mara, na aghalabu huchelewa katika masomo. Na urefu uliopotea katika siku 1000 za mwanzo, tangu kutungwa mimba mpaka kutimiza miaka 2, ni vigumu kuurudisha baadaye.

Kabla ya maneno ya lishe kuenea, wasemaji wengi wa Kiswahili walikuwa na neno lao kwa mtoto wa namna hii, na wengi wangali nalo. Walisema mtoto *amebemendwa*. Maana yake ni kwamba mtoto amedhoofika, miguu imekuwa myembamba na amechelewa kusimama kwa sababu wazazi wake hawakushika mwiko wa unyonyeshaji: ama walikutana kimwili kabla mtoto hajaacha ziwa, ama mmoja wao alitoka nje ya ndoa na kurudi kumshika mtoto. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana neno *chirwa*, ambalo laingia katika fikira hiyo hiyo ya mtoto kudhoofika kwa sababu ya mwenendo wa wazazi. Kwa hiyo hili si neno la pembeni lililosahaulika. Ni njia nzima ya kufikiri juu ya mtoto asiyekua, nayo ina sarufi yake.

Tuitazame sarufi hiyo. *Kubemenda* ni kitenzi chenye mtenda na mtendwa. Mtendwa ni mtoto, na mtenda ni mzazi yeyote wa wawili. Twaweza kusema *mama amembemenda mtoto*, na twaweza kusema *baba amembemenda mtoto*, na sentensi zote mbili ni sahihi kwa lugha na kwa mawazo ya wasemaji. Hata tukitumia kauli ya kutendwa, *mtoto amebemendwa*, bado msikilizaji ana haki ya kuuliza: amebemendwa na nani? Kauli ya kutendwa humficha mtenda lakini haimfuti. Basi kila lilipotamkwa neno hili juu ya mtoto fulani, baba yake naye aliitwa barazani. Huenda alikana, huenda alimtupia mkewe lawama, lakini hakuweza kusema kwamba jambo halimhusu.

Katika neno hili umo na ukweli kidogo ambao haufai kutupwa pamoja na makosa yake. Tendo la ndoa halidhuru maziwa ya mama, na mtoto hadhoofiki kwa sababu wazazi wake wamekutana. Lakini mwiko wa kale ulikuwa na faida moja iliyo wazi: uliachanisha uzazi. Mimba nyingine ikija upesi, mtoto wa kwanza huachishwa ziwa kabla ya wakati, na mama huingia katika uzazi mpya mwili wake haujapumzika. Wasemaji wa lugha nyingine ya Afrika waliliona jambo hilo hilo. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iliyoitwa wakati ule Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika mwaka 1933 juu ya maradhi ya watoto wenye kuvimba mwili na kubadilika ngozi. Na mwaka 1935 aliyaingiza katika maandishi ya utabibu kwa jina lililotumiwa na wasemaji wa lugha ya Ga, *kwashiorkor*, yaani maradhi ya mtoto aliyeondolewa katika nafasi yake na mdogo wake anayekuja. Kiswahili kililipokea neno hilo kwa sura ya *kwashakoo*, na wengine husema *unyafuzi*. Yafaa tuangalie lililotokea katika safari hiyo. Katika lugha ya Ga jina lilikuwa na hadithi ya familia ndani yake: mtoto, mdogo wake, na kwa hiyo wazazi wao. Lilipofika kwetu likawa sauti tupu, jina la ugonjwa kama majina mengine ya magonjwa, lisilomtaja mtu.

Hatusemi haya ili kulisifu neno *kubemenda*. Madhara yake ni makubwa. Maadamu neno hili lamtuhumu mzazi kwa uzinzi au kwa kukosa subira, mzazi mwenye mtoto dhaifu huona aibu kumtoa nje. Mama humfunika mtoto kwa kanga, huacha kumpeleka kwenye mizani mbele ya majirani, na hutafuta dawa ya siri. Siku zapita, na siku ndizo ambazo mtoto huyo hana. Tena lawama haigawanyiki sawa. Ingawa sarufi yawaruhusu wote wawili kuwa watenda, desturi humwelekea mama kwanza, kwa kuwa ndiye anayeonekana na mtoto mgongoni. Kwa hiyo wataalamu wa afya walikuwa na sababu njema ya kutafuta maneno mengine, na uhakiki wetu haukusudii kuwarudisha nyuma.

Maneno waliyoyapata ni mawili makubwa: *utapiamlo* na *udumavu*. La kwanza lina mlo ndani yake. Laelekeza fikira kwenye chakula, na hilo ni jambo jema. Lakini laelekeza kwenye chakula peke yake, bila ya mkono unaokileta wala mkono unaokitia kinywani. La pili latokana na kitenzi *-dumaa*, na hapa mwanalugha hana budi kusimama kidogo. Kitenzi hiki ni cha kundi la *-shangaa, -zubaa, -pumbaa, -sinyaa* na *-duwaa*. Vitenzi vya kundi hili havichukui mtendwa. Hueleza hali iliyomfika mtu, si tendo lililotendwa na mwingine. Tukisema *mtoto amedumaa*, hatuwezi kuuliza kwa kufuata sarufi: amedumaa na nani? Swali hilo halina maana. Twaweza tu kuuliza: amedumaa kwa nini? Na jibu litakuwa jina la kitu: kwa njaa, kwa kuhara, kwa uchafu wa maji. Lugha ina njia ya kumleta mtenda, nayo ni kauli ya kutendesha, *-dumaza*. Magazeti yetu huitumia kila siku; husema kwamba sera fulani imedumaza uchumi, au rushwa imedumaza maendeleo. Uchumi una wa kuudumaza. Mtoto hana.

Haya si malalamiko juu ya neno lenyewe. *Udumavu* ni neno zuri, fupi, na limeenea haraka kwa sababu lilikuwa tayari katika vinywa vya watu. Wala hatutaki wazazi waambiwe kwamba wamewadumaza watoto wao. Huko kungekuwa kurudi kwenye lawama za zamani kwa mlango mwingine. Tunachosema ni kwamba neno lisilo na mtenda laacha nafasi tupu katika sentensi, na nafasi tupu haikai hivyo kwa muda mrefu. Mtu fulani huwekwa humo. Katika maandishi ya lishe aliyewekwa ni mama.

Msomaji aweza kujionea mwenyewe kwa kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa zahanati yoyote. Huduma yenyewe huitwa *afya ya mama na mtoto*, na mahali pake huitwa *kliniki ya mama na mtoto*. Sentensi za maandishi hayo ni za aina hii: *mama ale mlo kamili, mama amnyonyeshe mtoto miezi 6 bila kumpa kitu kingine, mama aongeze uji wenye virutubisho, mama amlete mtoto kupimwa kila mwezi.* Katika matendo hayo manne, mawili kwa kweli ni ya mama peke yake, kwa kuwa ndiye anayebeba mimba na ndiye mwenye maziwa. Mawili mengine hayana sababu ya mwili. Kuongeza yai, dagaa au karanga katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6 hakuhitaji ziwa, na kumpeleka mtoto kwenye mizani hakuhitaji tumbo la uzazi. Lakini yote manne yamefungwa katika mtenda mmoja, kana kwamba ni tendo moja.

Mtu aweza kufikiri kwamba lugha imewalazimisha waandishi. Sivyo. Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo hazitofautishi mwanamume na mwanamke katika viambishi vyake. *A-* ya *amlishe* ni ya baba kama ilivyo ya mama, na *yeye* ni yeyote. Majina *mzazi* na *mlezi* ni ya wote wawili. Kitenzi *-zaa* husemwa kwa mwanamume pia, nasi twasema *baba mzazi* bila kushangaa. Wahenga waliposema *kuzaa si kazi, kazi ni kulea*, hawakutaja ni nani azaaye wala ni nani aleaye. Na waliposema *mtoto umleavyo ndivyo akuavyo*, walimwambia *wewe*, yeyote asikilizaye. Mwandishi wa Kiswahili aandikapo *mama* mahali ambapo *mzazi* lingetosha, amechagua. Na kwa kuwa amechagua, aweza kuhakikiwa.

Inafaa tuseme kwa haki kwamba waandishi wenyewe wameliona pengo hili, na kwa miaka kadhaa wamejitahidi kumrudisha baba. Lakini vitenzi vitatu walivyovitumia kumrudisha vina kasoro, kila kimoja kwa namna yake.

Cha kwanza ni *-saidia*. *Baba amsaidie mama kumlisha mtoto.* Hapa baba ni mtenda, lakini mtendwa wake ni mama. Mtoto hafikiwi na baba ila kwa kupitia kitenzi cha mtu mwingine. Mwenye kusaidia hana kazi yake mwenyewe. Akichoka aweza kuacha, na kazi itabaki kwa mwenyewe. Hakuna asemaye kwamba mkulima asaidie kulima shamba lake.

Cha pili ni *-shirikisha*, na hasa katika kauli ya kutendwa: *wanaume washirikishwe katika lishe ya watoto.* Kitenzi *-shiriki* chamfanya mtu kuwa mwenye sehemu. *-Shirikishwa* chamfanya mtu aliyepewa sehemu na mwingine. Baba amekuwa mtendwa, na mtenda aliyefichika ni ofisa wa mradi. Siku mradi utakapokwisha, mtenda ataondoka, na kushirikishwa kutaondoka naye.

Cha tatu ni *-sindikiza*. *Baba amsindikize mama kliniki.* Hiki kina historia ya kusikitisha. Katika jitihada za kuwapima wenzi wote wawili virusi vya UKIMWI wakati wa ujauzito, zahanati nyingi za Tanzania ziliwahimiza wanawake waje na wenzao katika hudhurio la kwanza, na waliokuja wawili walihudumiwa mapema. Nia ilikuwa njema. Lakini katika baadhi ya mahali mwanamke aliyekuja peke yake alitakiwa alete barua ya kiongozi wa mtaa au wa kijiji kueleza kwa nini mwenzake hakufika. Mjane, aliyeachwa na asiyeolewa wakaona taabu juu ya taabu. Na baba aliyefika alikuta nini? Alikuta benchi. Damu yake ilipokwisha kupimwa, hakuwa na kazi nyingine. Miezi kumi na miwili baadaye, mtoto alipokuwa kwenye mizani na mstari wa kadi umeanza kulala, hakuna aliyemwita. Msindikizaji ni mtu anayefika mlangoni na kurudi.

Je, fasihi yetu imempa baba nafasi iliyo bora zaidi? Tuangalie mifano miwili inayojulikana na kila msomaji wa jarida hili. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Shaaban Robert naye alimtungia mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, na binti yake Utenzi wa Hati. Katika jambo la kuasa, basi, mama na baba wamesimama sawa. Kila mmoja ameona kwamba ni wajibu wake kumwachia mtoto maneno ya kuishi nayo. Lakini waasa hawa wote wawili wasema na mtoto aliyekwisha kukua, anayeweza kusikia na kufahamu. Mtoto wa ziwa, asiyesikia wasia, ana fasihi yake nyingine, nayo ni nyimbo za kubembeleza. Na hizo huimbwa aghalabu na mama, na nyanya, na yaya. Tumerithi basi picha ya baba anayelea kwa ulimi baada ya mtoto kupata fahamu, na ya mama anayelea kwa mkono kabla ya hapo. Picha hiyo haikuwa na madhara makubwa maadamu watu waliamini kwamba mambo muhimu ya malezi huanza mtoto anapofahamu. Leo twajua kwamba sehemu kubwa ya urefu wake na ya nguvu ya akili yake huamuliwa katika siku 1000 za mwanzo. Baba anayengoja mpaka mtoto aweze kusikia wasia amechelewa kufika.

Kwamba jambo hili si la chakula peke yake laonekana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolima mahindi mengi na kulisha mikoa mingine. Hata hivyo uchunguzi wa 2022 ulikuta katika Iringa watoto karibu 57 katika kila 100 wamedumaa, na katika Njombe na Rukwa kadiri ya 50. Ghala limejaa na bakuli la mtoto lina uji mtupu. Mama ashinda shambani tangu alfajiri, na mtoto abaki na dada yake mdogo. Mavuno yauzwa, na fedha zake haziamuliwi na yule aliyeambiwa na bango kuwa aongeze yai. Sentensi *mama aongeze uji wenye virutubisho* yamwamuru mtu asiyeshika fedha, na yanyamaza kwa yule anayezishika.

Mkoa huo huo wa Iringa una funzo jingine. Katika miaka ya 1980 ulikuwa na mpango mkubwa wa lishe, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ambao ulianzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito hapo kijijini, na hesabu za waliopungua zilipelekwa katika uongozi wa kijiji zikajadiliwa, pamoja na kutafuta sababu na la kufanya. Utapiamlo ulipungua katika vijiji hivyo. Sababu zilikuwa nyingi, na hatudai kwamba lugha ndiyo iliyofanya kazi. Lakini mwanalugha hawezi kuacha kuona kwamba uzito wa mtoto ulitoka kwenye kadi iliyoshikwa na mama ukaingia kwenye kikao walichokaa wanaume, na kwamba huko swali lilikuwa: tutafanya nini? Kiambishi *tu-* kina baba ndani yake. Ni kweli kwamba vipimo vya wakati ule vilikuwa vya uzito, na hesabu za leo ni za urefu, hata zisiweze kulinganishwa moja kwa moja. Lakini funzo la kikao lingali palepale.

Hapa atatokea mtu wa kutupinga, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema: maneno hayajazi bakuli. Baba hayupo kwa sababu amekwenda mjini kutafuta kibarua, au kwa sababu mwajiri hampi ruhusa. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 ilipotungwa ilimpa mama likizo ya siku 84 na baba siku 3. Ile ya Kenya ya 2007 ilimpa mama miezi 3 na baba wiki 2. Kubadili kitenzi kwenye bango kutafaa nini? Twakubali kwamba kitenzi hakijazi bakuli. Lakini sheria nazo huandikwa kwa maneno, na wabunge wanaozitunga wamelelewa na mabango yale yale. Mahali ambapo kila mtu amezoea kusikia *mama na mtoto*, siku 3 zaonekana ni ukarimu. Pia baba wa Kiswahili si mtu mmoja. Kuna *baba mkubwa* na *baba mdogo*, na kuna *shangazi* aliye wa upande wake. Lugha imekwisha kuandaa jamaa wa kushika nafasi baba anaposafiri. Bango linalomtaja baba lawaita na hao.

Nini basi la kufanya? Wengine wameshauri kwamba *mama* libadilishwe kuwa *mzazi* au *mlezi* kila mahali. Ushauri huo wafuata sarufi, lakini hautoshi. Baada ya miaka mingi ya mazoea, sikio la msikilizaji lisikiapo *mlezi* husikia mama. Neno la jumla litamficha baba vizuri zaidi kuliko neno la mama, kwa kuwa litatufanya tudhani kwamba amekwisha kutajwa. Yafaa atajwe kwa jina lake.

Tena yafaa apewe kitenzi chake, na kitenzi hicho kipo. *-Kua* ni cha mtoto, lakini *-kuza* kina mtenda na mtendwa. Ndiyo maana *ukuaji* na *makuzi* si neno moja kwa sura mbili: la kwanza latoka katika *-kua*, la pili katika *-kuza*. Ukuaji humtokea mtoto. Makuzi hufanywa na mtu. Serikali ya Tanzania ilipozindua mwezi wa Desemba 2021 programu ya taifa ya *Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto*, iliweka katika jina lake *malezi* na *makuzi*, maneno mawili yenye mtenda ndani yake, kutoka *-lea* na *-kuza*. Jina ni zuri kuliko mabango mengi yaliyolitangulia. Kilichobaki ni kwamba sentensi zitakazoandikwa chini ya jina hilo zimtaje mtenda huyo wazi.

Sentensi hizo zaweza kuwa nyepesi kabisa. *Baba amlishe mtoto mlo mmoja kila siku, akae naye mpaka amalize. Baba atenge fedha ya mayai au dagaa kabla ya kuuza gunia la mwisho. Baba amchukue mtoto kwenye mizani, na aujue mstari wa kadi yake. Mimba inapoingia, baba ateke maji na kupasua kuni. Baba na mama wapange uzazi, mdogo asimwondoe mkubwa ziwani.* Katika kila moja baba ni mtenda, na kazi ni yake mwenyewe. Hasaidii, hashirikishwi, hasindikizi. Na kadi ya kupimia, badala ya kumhesabu aliyemleta mtoto kuwa ndiye mama siku zote, yaweza kuuliza maswali mawili: nani amemleta leo, na nani atakayemlisha jioni.

Kuhusu *kubemenda*, shauri letu ni kwamba neno hilo lisirudishwe katika maandishi ya afya, wala lisidhihakiwe. Muuguzi anayelicheka mbele ya mzazi humfunga mdomo, na mtoto hatarudi tena kwenye mizani. Ni afadhali amwambie kwamba wazee walikosea sababu lakini hawakukosea watu: mtoto asiyekua ana wazazi wawili, na wote wawili wana la kufanya. Lawama yaweza kuachwa huko ilikotoka, na sarufi ikabaki.

Mwisho, kazi hii haiwezi kumalizwa na mtu mmoja aliye katika chuo. Maneno ya mtoto asiyekua ni mengi kuliko yaliyotajwa hapa, na hutofautiana kutoka Mrima hadi Unguja, kutoka Lamu hadi bara, na mpaka kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kongo. Msomaji aliye na neno la kwao kwa mtoto wa namna hii angetufaa sana akiliandika pamoja na sentensi ambayo neno hilo hutumiwa, ili tupate kuona ni nani mtenda wake.